Shingo ya Leôncio na Mti wa Marehemu Honorato

Shingo ya Leôncio ilikwama ikitazama mbinguni, na pale Jacundaí, kijiji cha kando ya mto, hapakuwa na watu wawili waliokubaliana ilikuwaje. Wapo waliosema aliteleza gatini na gunia la unga wa muhogo kichwani. Wapo waliosema alilala vibaya kwenye machela ya kuning'inia. Leôncio mwenyewe alikuwa na hadithi tatu, akazigawa kulingana na msikilizaji. Kwa watoto, alikuwa anamtazama tai aliyenyakua ng'ombe mzima, akamfuata kwa macho mpaka ng'ombe akawa nukta, na nukta ikawa wingu. Kwa wanawake, alikuwa anasali. Na kwa padri aliyepita na boti, alikuwa anamtafuta Mungu amuulize kwa nini mbu wa mto ule wameumbwa wakubwa kiasi cha kubisha hodi na kuomba kiti.

Mkewe, Ermelinda, alijua kuwa ni gunia. Lakini alinyamaza, maana mke asiyeharibu uongo mzuri wa mumewe hula ndoa yake kwa raha.

Bi Filó, muunga mifupa, alimpaka mafuta, akamkanda, akamvuta masikio, akamsomea sala za watakatifu wote anaowajua na wawili aliowabuni. Shingo ikakubali kugeuka kulia na kushoto kama feni. Kushuka ikakataa katakata. Tangu hapo Leôncio akawa mtu wa kidevu mbele na utosi nyuma. Alikula kama kifaranga, samaki akidondoshewa kutoka juu. Watu aliwatambua kwa sauti.

"Nani huyo?"

"Mimi, Zósimo."

"Ah. Nilidhani ni mtu."

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomla moyo ni kimoja tu: kiangazi kilikuwa kinakaribia, na kiangazi ndipo Abdoral, mkuu wa wagemaji, anapoingiza kikosi chake msituni kugema mafuta ya kopaiba.

Leôncio na Abdoral walikuwa wameingia msitu ule pamoja tangu ndevu zao zilipokuwa bado ahadi. Leôncio ndiye aliyemsimamia binti wa Abdoral kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina, bali kompadre, kama desturi inavyotaka. Sasa Leôncio alijua jambo ambalo hakulisema kwa mtu. Mtumbwi ukiondoka bila wewe mara moja, mwaka unaofuata hakuna atakayekumbuka kukuuliza. Utabaki na vibibi vizee kumenya muhogo, ukisikiliza injini ikizidi kuwa ndogo huko kwenye kona ya mto.

Na kizuizi chake hakikuwa uzee, wala nguvu. Kilikuwa sheria.

Mkopaiba huficha mafuta yake ndani ya shina. Mgemaji hutoboa kwa keekee, huchomeka mwanzi, huweka dumu, na Mungu akipenda hutiririka kitu cha rangi ya asali kinachoponya kidonda, kifua na goti. Lakini mti huo una haya. Ukikaribia huruhusiwi kupiga kelele. Huruhusiwi kutaja mafuta, unasema "maji ya shangazi." Huruhusiwi kuchafua hewa, hata kama umekula maharage. Na kubwa kuliko yote, huruhusiwi kutazama juu. Ukikitazama kilele, mafuta hukuona, hupanda mbio kujificha kwenye matawi, na keekee yako itatoa vumbi tupu. Kwa hiyo wagemaji wa kule hutembea msituni macho chini, kama watu waliodondosha sindano.

Kumpeleka huko mtu ambaye shingo yake haijui kingine ila kutazama juu, ni sawa na kumpeleka mwenye kifaduro kuwinda swala.

"Kompadre," Abdoral alisema, wamekaa barazani kwa Leôncio, "mwaka huu pumzika."

"Nimechoka nini?"

"Shingo."

"Shingo haibebi dumu, mabega ndiyo yanabeba. Yaangalie mabega yangu. Mimi siwezi kuyaona, niangalizie wewe."

Zósimo, shemeji yake Abdoral, alikuwa amekaa kwenye ngazi akitafuna samaki mkavu. Alikuwa mtu wa nguvu, mwenye mdomo usio na kizibo. "Mzee Leôncio, ukiingia wewe, maji ya shangazi yatapanda mpaka kwa Mtakatifu Petro. Itabidi tuwatoboe malaika."

"Afadhali malaika, wanaoga."

"Sitanii, mzee."

"Hata mimi. Upepo unavuma kutoka kwako."

Abdoral hakucheka. Alikuwa anakuna goti, na akikuna goti ujue ameshaamua ila anatafuta maneno laini. Hapo Ermelinda akatoa kichwa dirishani.

"Mfungeni kitambaa," alisema. "Farasi mwoga hufungwa macho akavuka mto. Mkifika kwenye mti, mfungeni. Mkimaliza, mfungueni. Mume wangu si bora kuliko farasi."

"Ahsante, mke wangu," alisema Leôncio.

"Karibu."

Ermelinda hakusema kwamba kila asubuhi alikuwa anamwona mumewe amesimama gatini, akisikiliza mitumbwi ya watu wengine. Alirudisha kichwa ndani akaendelea kukaanga unga.

Abdoral aliacha kukuna goti. "Kitambaa kizito," alisema.

"Nitampa sketi yangu ya zamani," sauti ikatoka ndani. "Hiyo hata jua haliipenyi."

Basi wakaondoka watatu, na sketi.

*

Msitu wa kule umejaa ukoo wa kunde. Usidhani kunde ni wa kutambaa shambani tu. Kule wamo wanaosimama wima kushinda minara ya kanisa. Mkopaiba ni wa ukoo huo. Mjutai ni wa ukoo huo. Minga inayoning'iniza maganda yenye pamba tamu, mkumaru wenye mbegu za kunukia, wote ni damu moja. Ukitaka kuhakikisha, kwaruza gome unuse: utapata harufu ya maharage mabichi. Vunja tawi, utakuta kikonyo cha kila jani kimevimba pale kinaposhika tawi, kama kifundo cha mguu wa mama mjamzito. Na wote huzaa maganda.

Lakini kuujua ukoo si kumjua mtu. Wagemaji walimjua mkopaiba kwa gome, kwa pua, na kwa sauti ya shina likigongwa na ubapa wa panga. Yaani walimjua kwa mgongo. Nao ndugu wa tumbo moja, ukiwakuta wameinama shambani, utamwita Kaini ukidhani ni Abeli. Uso ndio humaliza kesi, na uso wa mti uko juu.

Leôncio, tangu shingo ikwame, hakuwa na cha kutazama ila nyuso. Miezi yote ya mvua alikuwa amekaa nyuma ya nyumba akijifunza upya miti aliyodhani anaijua. Sasa njiani, kabla ya kufungwa sketi, alikwenda akiyumba kama bata, akijikwaa kila mzizi, huku akitaja.

"Minga. Huyu hapa minga mwingine, wa majani mapana. Yule mkumaru. Yule... loo, yule sijui, ni wa ukoo lakini amevaa nguo za wageni."

"Taja na shimo lililo mbele yako," alisema Zósimo.

"Shimo gani?"

Akaingia. Zósimo alicheka mpaka nyani wakahama kata ile.

Hata hivyo kazi ilikwenda vizuri. Kila walipofika kwenye mkopaiba, Abdoral alimzungushia Leôncio sketi ya Ermelinda kichwani, akamfunga fundo nyuma, akamkalisha kwenye gogo. Keekee ikalia, mwanzi ukachomekwa, na maji ya shangazi yakatiririka. Mti wa kwanza, ule wa kwenye kichuguu, ulijaza dumu hadi shingoni. Wa pili nao haukuwa mnyimivu. Zósimo alikosa neno la kusema, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu alipoachishwa ziwa.

Ukabaki mti wa marehemu.

Mzee Honorato, baba yake Abdoral, alikuwa mgemaji mkubwa kuliko wote kwenye mto ule. Kabla hajafa alimshika mwanawe mkono, akampeleka kwenye ukingo wa kijito, akamwonyesha shina nene lililovaa ukungu na kuvumwani mpaka gome halionekani. "Huyu ndiye mama yao," alisema. "Siku akikubali kukupa, utajaza mtumbwi." Akaufunga mti ule utepe mwekundu, na mwaka ule ule akafariki.

Tangu hapo kila kiangazi Abdoral aliuacha mti wa baba uwe wa mwisho. Alioga. Alivaa shati safi alilolibeba kwa kazi hiyo tu. Alipiga magoti mizizini, akauimbia taratibu wimbo ambao baba yake alikuwa akiimba akishona nyavu. Kisha akatoboa. Na kila kiangazi keekee ilitoa vumbi jekundu, na Abdoral akaziba tundu kwa kizibo cha mbao, akasema, "Bado haujaniamini."

Hakuna aliyewahi kukwaruza gome lile na kulinusa. Nani humnusa mama yake kwapa ili kuhakikisha ni mamaye?

Mwaka huu pia Abdoral alioga, akavaa shati. Alimfunga Leôncio sketi mapema, mbali kidogo na mti, akamwongoza kwa mkono. Lakini kwenye ukingo wa kijito ardhi ilikuwa na utelezi, na mizizi ya mti ule ilikuwa imetoka nje kama mishipa ya mikono ya mzee. Abdoral alipomwachia mkono ili ashike keekee, Leôncio alirudi nyuma hatua moja, akanaswa, akaenda chini chali. Sketi ikafyatuka, ikaangukia majini, ikaondoka na mkondo.

Leôncio akawa amelala chini, macho wazi, na kilele chote cha mti wa marehemu Honorato kiko juu yake.

Aliona kwa muda wa mtu kupiga chafya. Ukatosha.

"Ameutazama!" Zósimo alipiga kelele, akisahau kwamba kelele nazo ni mwiko. "Shemeji, ameutazama mti wa baba yako, mzima mzima, toka kidole mpaka utosi!"

"Nilianguka," alisema Leôncio.

"Umeanguka umefumbua macho! Mtu huanguka amefumba!"

Abdoral alishika keekee. Alipiga magoti akaimba wimbo wake, ila safari hii sauti ilikuwa na mchanga. Akatoboa. Keekee ikaingia, ikaingia, ikaingia. Vumbi jekundu likamwagika kwenye shati safi.

Mwaka jana pia ulikuwa mkavu, na mwaka juzi. Lakini miaka hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa.

Neno lilimfika Leôncio kwenye ulimi, likakaa hapo likisubiri ruhusa. Lingemsafisha. Lingemfanya Zósimo ameze meno yake. Kisha akamsikia Abdoral akiziba lile tundu. Hakuligonga kwa nyundo kama anavyoziba miti mingine. Alikisukuma kizibo kwa kiganja, polepole, halafu akaupapasa mti, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Leôncio akalimeza neno.

"Kesho boti ya unga inapita kwenye mdomo wa kijito," alisema Abdoral, akiwa bado amewapa mgongo. "Utapanda, kompadre. Si mimi. Ni kazi."

"Sawa," alisema Leôncio.

Walirudi kambini. Hata Leôncio alipojikwaa, hakuna aliyecheka.

*

Asubuhi Zósimo alibaki kambini kuchuja mafuta. Abdoral mwenyewe alibeba mkoba wa Leôncio mpaka kwenye mdomo wa kijito, wakakaa ukingoni, miguu ikining'inia juu ya maji. Boti ya unga ilikuwa na saa yake binafsi. Inasemekana iliwahi kuchelewa mpaka abiria aliyeisubiri akaoa, akapata watoto, na watoto ndio wakasafiri.

Walikaa. Leôncio akitazama mawingu, Abdoral akitazama matope. Abdoral alitoa kikombe cha unga wa muhogo uliochanganywa na maji, akanywa, akammiminia mwenzake mdomoni kidogo kidogo ili asipaliwe. Alikuwa anajua kipimo.

"Kompadre," Abdoral alisema mara, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. "Huko juu... kuna nini?"

"Wapi?"

"Kwenye vichwa vyao. Ile miti. Ule wa kwenye kichuguu."

"Niliuona ulipomaliza kuugema ukanifungua. Umezaa."

"Umezaaje?"

"Maganda madogo, ya mviringo, kama vifungo vya koti. Mengine yamepasuka. Ndani mbegu moja nyeusi, imevaa shati la njano mpaka kiunoni."

Abdoral alicheka kwa pua. "Shati la njano." Akafikiri. "Na majani?"

"Madogo. Yamepangana kikonyoni kama miiba ya samaki. Jua likiwa nyuma yake, kila jani lina vitundu vya mwanga, kana kwamba limechomwa sindano."

"Nimeitoboa miti hiyo tangu sina ndevu," alisema Abdoral, "na sijawahi kuiona uso."

Samaki akaruka, akaanguka. Boti haikuja.

"Na wa baba?"

Leôncio alipumua kwa nguvu, akajitengeneza kitako. "Aaa, wa baba yako! Kompadre, ule si mti, ule ni kanisa. Una matawi mapana, jua lenyewe linaomba njia. Maganda hayahesabiki. Na kasuku, kompadre! Wekundu kwa mamia, wamejipanga mistari, wakubwa nyuma wadogo mbele, wanaimba wimbo ule ule wa marehemu, tena kwa sauti mbili. Na kule juu kabisa amekaa tai mwenye..."

"Kompadre."

"...mwenye kilemba cheupe, ambaye..."

"Unadanganya."

Leôncio akamwacha tai aende zake.

"Nakujua," alisema Abdoral. "Ukisema kweli, unatumia maneno machache. Ukidanganya, unaleta ndege."

Maji yalipita chini ya miguu yao, na pengine sketi ya Ermelinda ilikuwa imeshafika baharini. Leôncio alipapasa nyasi pembeni yake mpaka akaupata mkono wa mwenzake. Hakuushika. Aliuacha wake ukaugusa.

"Majani mawili mawili," alisema. "Kama kwato."

Basi. Hakuna mtu wa Jacundaí asiyelijua jani hilo. Majani mawili kwenye kikonyo kimoja, yamepinda kama kwato za ng'ombe, ni ya mjutai. Watoto hucheza nayo, mbuzi huyala. Abdoral alikaa kama mtu aliyepigwa na tawi.

"Maganda?"

"Kama kidole gumba cha mguu wa mzee. Manene, ya kahawia."

"Tungeyaona chini, hayo na majani."

"Yote yanadondokea kijitoni. Matawi yote yameinamia maji."

Abdoral alichukua bonge la udongo, akalitupa majini. Akachukua lingine. "Ulijua jana."

"Tangu jana."

"Jana nilikuambia upande boti, mbele ya Zósimo."

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza!"

"Kompadre, baba yako hakukosea," alisema Leôncio. "Alishika sheria. Hakutazama juu. Ningesema nini mbele ya Zósimo, aje aimbe mto mzima kwamba Mzee Honorato..." 

Abdoral aliinuka. Aliinuka vibaya, kwa hasira, akachukua panga lake akaingia msituni mbiombio. Leôncio akamfuata kwa kusikiliza majani yanavyovunjika, akianguka kwa magoti kwenye mizizi, akiinuka, akijigonga. Alipofika kwenye mti wa marehemu, alisikia pumzi za Abdoral kwanza, kisha sauti yake.

"Nimekuimbia," Abdoral alikuwa anauambia mti. "Nimekuvalia shati. Mke wangu ananiuliza hilo shati la nani, namwambia la Mungu. Kumbe nakuimbia mjutai!"

Akapiga panga ardhini kwenye mizizi, kwa nguvu zake zote. Halikutoa mlio wa udongo. Lilitoa mlio wa chupa.

"Umevunja nini?" Leôncio aliuliza.

Abdoral alilitupa panga kando. Alisikika akipiga magoti, akifukua kwa mikono, akipangusa kitu kwenye suruali. Kisha akamwekea Leôncio kitu kiganjani: bonge gumu, nyororo upande mmoja, lenye uzito wa yai.

"Liinue. Unaonaje?"

Leôncio aliliinua mbele ya macho yake, mbele ya mbingu. Jua likaingia ndani likabaki humo. Lilikuwa sandarusi: utomvu wa mjutai uliotona, ukazama ardhini, ukagandia humo. Ndiyo ile wafinyanzi wa kule huipaka vyungu vikiwa vya moto vikang'aa, na watu huichoma kanisani ikanukia. Abdoral alikuwa ameshafukua lingine, na lingine. Mizizi yote ilikuwa imeyakalia, kama kuku mayai.

"Yako mangapi?"

"Mengi." Abdoral alikaa kitako matopeni.  Kisha kikaanza kicheko kidogo, cha mbali, kikapanda, kikawa kikubwa, kikachanganyika na kitu kingine ambacho Leôncio, kwa adabu ya shingo yake, hakuweza kukiona.

"Miaka yote," Abdoral alisema, akijifuta pua, "tumekuwa tunamkamua fahali na kumlaumu kwa uchoyo."

"Tazama mwenyewe," alisema Leôncio. "Uinue macho mara moja tu. Huu si mkopaiba, hauna mafuta ya kukimbia. Uhakikishe."

"Sitazami."

"Hata sasa?"

"Nihakikishe nini? Wewe umetazama."

Huko mdomoni mwa kijito honi ya boti ya unga ililia, ndefu, yenye kikohozi katikati. Wote wawili waliisikia. Mkoba wa Leôncio ulikuwa umebaki kule ukingoni.

"Boti yako," alisema Abdoral.

"Naisikia."

Ikalia tena. Leôncio alisimama pale pale, bonge la sandarusi mkononi, akitazama kwato elfu za majani zikicheza na upepo. Hakutaka kuuliza. Kuna maswali ambayo mtu akiyauliza ameshajinyima jibu. Injini ikanguruma, ikasogea, ikawa ndogo, ikawa nyuki, ikaisha.

Abdoral akajikuna goti. Alikuna sana. Safari hii hakuwa na uamuzi aliouficha, alikuwa anautafuta.

"Niambie kitu," alisema. "Mafuta yakipanda kwa kutazamwa, hukaa juu mpaka lini?"

"Sijui. Nadhani yakichoka hushuka. Hata mimi ningeshuka."

"Kesho yake?"

"Kesho yake yatakuwa chini, yanasinzia."

"Basi utatangulia," alisema Abdoral. "Siku moja mbele yetu. Utatazama unavyotaka, uutazame mti mpaka uone haya. Ukisema mkopaiba, unaufunga utepe. Sisi tunakuja kesho yake, macho chini, kama sheria inavyotaka. Ukisema mjutai, tunachimba."

Leôncio alitaka kusema jambo la kuchekesha. Hakulipata, na hilo lilimtisha kidogo. "Na Zósimo tutamwambia nini?"

"Kwamba mti wa baba umestaafu."

"Atauliza pensheni yake iko wapi."

"Mwonyeshe hiyo uliyoishika."

Abdoral alivua lile shati safi, lililokuwa safi mpaka jana, akalikunja akafungia sandarusi ndani yake. Halafu alisimama nyuma ya Leôncio, akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma, kwa ngumi, kama mtu anayeshika usukani wa mtumbwi.

"Twende. Mzizi, inua mguu wa kushoto."

Leôncio aliinua. "Minga," alisema.

"Shimo. Pita kulia."

"Minga tena. Mwenye maganda."

"Tawi limelala. Ruka. Huyo mkubwa mbele yako nani? Namwona miguu tu."

"Mkumaru. Ana maua."

Abdoral alitembea kidogo, macho yake kwenye visigino vya mwenzake.

"Rangi gani?"

"Zambarau."

"Yote?"

"Mti mzima."

Mkanda ukavutwa. Leôncio akasimama.

"Ngoja kidogo hapa," alisema Abdoral. "Niambie polepole."